Kaka anataka tuuze shamba twende India, daktari anasema tusubiri majibu ya vinasaba

BARUA

Mshauri, shikamoo.

Mama yetu ana miaka 61 na hajawahi kuweka sigara mdomoni. Kazi yake ya maisha ilikuwa umama ntilie hapa Morogoro mjini, mbele ya majiko ya kuni na mkaa, mpaka magoti yalipomkatalia. Kikohozi kilimshika wakati wa masika. Hospitali ya kwanza walimpiga eksirei wakaona kivuli kwenye pafu la kushoto. Makohozi yalipimwa kwa GeneXpert, mashine ya kutafuta kifua kikuu, hayakuonyesha kitu, lakini kwa kuwa alikuwa amekonda na anatoka jasho usiku, wakamwanzishia dozi ya kifua kikuu. Nilimsimamia kumeza kila asubuhi bila kuruka. Mwanzoni tuliona kama kuna nafuu, au tulitaka kuiona. Kufika mwezi wa nne wa dozi, akitoka uani kurudi chumbani ni lazima akae kwanza kitandani ahemee ndipo aseme neno.

Tukamleta Dar es Salaam. CT-Scan ikaonyesha uvimbe na maji mengi upande uleule wa kushoto. Maji yalitolewa, yakawa na rangi ya damu, na wakachukua kinyama kwa sindano. Majibu yametoka: adenokasinoma, aina ya saratani ya mapafu. Chini yake kumeandikwa TTF-1 chanya, p40 hasi, na kwamba seli za saratani zimeonekana pia kwenye maji. Daktari alituambia ni hatua ya nne. Akasema kabla ya kuchagua dawa anataka bloku ya kinyama ipelekwe kupimwa vinasaba, majibu yanaweza kuchukua wiki tatu hadi nne, na kipimo hicho tunakilipia wenyewe. Tena akatuonya kwamba kinyama kilichobaki ni kidogo, kisipotosha itabidi mama achomwe sindano nyingine.

Hapo ndipo tulipogawanyika. Kaka yetu mkubwa, ambaye tangu baba afariki ndiye mwenye kauli, anasema saratani haisubiri mtu. Amezungumza kwa WhatsApp na wakala wa hospitali ya India aliyemhakikishia kwamba mama atafanyiwa upasuaji uvimbe utolewe. Anataka tuuze shamba, ekari tano, mteja ameshapatikana. Mdogo wetu wa mwisho anasema safari ya nini: rafiki yake mwenye duka la dawa amemwambia kuna kidonge kinaitwa gefitinibu, kinawafaa sana wasiovuta sigara, tununue aanze kesho. Shangazi yeye ameleta chupa ya dawa ya mizizi, na najua mama anaionja.

Mama hajui. Tumemwambia ni maji kwenye pafu. Kaka amekataza neno saratani lisitamkwe kwa sababu ya presha yake. Lakini hati ya kimila ya shamba ina jina la mama, sahihi itakuwa yake, na juzi aliniuliza, "Nasikia kuna watu wanapima shamba, la kazi gani?" Nikamwambia sijui.

Mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja. Nikisema tusubiri majibu, kaka ananiambia nikisubiri na mama akafa, damu yake iko juu yangu. Pia ninajilaumu: miezi yote ile nilikuwa nikimpa dawa za ugonjwa ambao huenda hakuwa nao. Tusubiri au tuanze? Tuuze au tusiuze? Na nimwambie nini mama?

Binti wa Pili, Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni sana nyumba nzima. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona kwamba kila mmoja wenu ameshika jibu lake kabla swali halijakaa sawa. Kaka ameshika upasuaji, mdogo ameshika kidonge, shangazi ameshika chupa. Wewe unaonekana mwoga kwa sababu tu hujashika kitu. Ninavyoona, mnabishana kuhusu mahali pa kwenda wakati bado hamjapata karatasi ya mwisho inayosema mnaenda kutibu nini.

Tuanze na karatasi mliyo nayo, maana ina maneno mengi kuliko mlivyosomewa.

Huku mitaani tunasema "saratani ya mapafu" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Madaktari huigawa kwanza mafungu mawili, ya seli ndogo na isiyo ya seli ndogo. Ile ya seli ndogo ni kama asilimia 15 ya wagonjwa, na karibu wote wamevuta sigara. Hukua upesi na kusambaa mapema, hasa kwenye ubongo, ndiyo maana upasuaji wake ni nadra. Tiba yake ni dripu za dawa za kuua seli za saratani: sisplatini au kaboplatini pamoja na etoposaidi, mizunguko minne hadi sita, kila mzunguko wiki tatu. Ikiwa bado imebaki upande mmoja wa kifua, huongezwa mionzi ya kifua sambamba na dripu. Uvimbe huweza kunywea ndani ya wiki chache, halafu mara nyingi ukarudi. Ingekuwa ni hiyo, kaka yako angekuwa na haki ya kugonga meza. Wiki nne za kusubiri zingekuwa nyingi mno. Mama hana hiyo.

Fungu la pili, kama asilimia 85, lina matawi yake. Kuna ya skwamasi, inayoota kwenye njia kubwa za hewa katikati ya kifua. Sigara ndiyo chanzo chake kikubwa, hutoa makohozi ya damu, na wakati mwingine huoza katikati ikaacha tundu ambalo kwenye eksirei linafanana mno na la kifua kikuu. Kuna adenokasinoma, inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza ute, aghalabu pembezoni mwa pafu. Hii ndiyo inayowapata zaidi watu wasiovuta sigara, na wanawake wengi wamo. Ya seli kubwa ni chache, na hupewa jina hilo pale ambapo mpimaji ameshindwa kuiweka kwenye matawi hayo mawili.

Sasa zile herufi. TTF-1 ni protini inayopatikana kwenye seli za mapafu na za tezi ya shingo. Ikiwa chanya kwenye adenokasinoma, inaashiria kwamba ugonjwa umeanzia pafuni, haukutoka kwenye titi au utumbo ukapanda. p40 ni alama ya skwamasi, na kwa mama ni hasi. Kwa hiyo mpimaji amefanya kazi yake, hakukisia. Na jambo hili linagusa dawa moja kwa moja. Pemetreksedi, dripu inayotumika sana kwa adenokasinoma, haifanyi kazi ya maana kwa skwamasi. Bevasizumabu, dawa nyingine ya saratani, nayo haipewi mwenye skwamasi kwa sababu inaweza kumtoa damu nyingi mapafuni. Jina lililo kwenye karatasi hiyo limeshafungua baadhi ya milango na kufunga mingine.

Kuhusu kutovuta sigara: kama kuna ndugu anayesema majibu yamekosewa kwa sababu mama hajavuta, mwelezeni kwamba hiyo si hoja. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeuweka moshi wa kuni wa ndani ya nyumba kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Hakuna atakayeweza kusema kwamba majiko ndiyo yaliyomfanyia mama hivi, lakini kutovuta sigara hakumkingi mtu.

Tuje kwa wakala. Ningependa kujua amesoma nini kabla ya kuahidi upasuaji. Upasuaji wa pafu ni tiba nzuri sana kwa hatua ya kwanza na ya pili, na kwa baadhi ya wagonjwa wa hatua ya tatu. Pafu la kulia lina vipande vitatu, la kushoto viwili. Daktari hukata kipande chenye uvimbe pamoja na tezi za karibu, baada ya kupima kwamba pafu litakalobaki linatosha kupumulia. Hatua ya tatu ambayo haikatiki hutibiwa kwa mionzi ya kila siku ya kazi kwa muda wa kama wiki sita, dripu zikienda sambamba. Lakini seli za saratani zikishakutwa kwenye maji yanayozunguka pafu, maana yake zimetapakaa kwenye utando wote wa kifua, na ndiyo sababu maji hayo peke yake yanatosha kuiita hatua ya nne. Ukimtoa mgonjwa kipande cha pafu, utando unabaki na ugonjwa wake, naye anabaki na kidonda kikubwa na pumzi pungufu, huku dawa za mwili mzima zikicheleweshwa wiki kadhaa mpaka apone.

Sisemi kaka anadanganywa. Nasema huenda wakala ameambiwa "uvimbe pafuni" tu. (Wakala wengi hulipwa kwa kila mgonjwa wanayemfikisha, na hilo nalo ni la kukumbuka.) Mwombeni kaka amtumie picha za CT zenyewe kwenye diski, siyo ripoti pekee, pamoja na majibu ya kinyama na ya maji. Kisha aombe jibu la maandishi lililosainiwa na daktari wa upasuaji: je, kwa mgonjwa mwenye seli za saratani kwenye maji ya pafu, mnapendekeza kukata, na kwa lengo gani? Jibu hilo halihitaji kuuza hata robo ekari.

Na haki ya kaka nimpe. Hospitali kubwa za India zina vipimo vya vinasaba vingi kwa mara moja na wataalamu wa kila tawi. Anayekwenda huko hajapotea njia. Ila safari ina mambo yake. Ndani ya ndege hewa ni nyepesi kama ya mlimani, hivyo mtu anayehema akitoka uani anaweza kuishiwa oksijeni angani. Saratani ya mapafu huongeza damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na kukaa saa nyingi kwenye kiti kunazidisha. Shirika la ndege litadai fomu ya daktari, na maji yakiwa yamerudi yatatakiwa kutolewa kabla ya safari. Baada ya hapo kuna swali ambalo familia nyingi husahau kuliuliza: dawa za ugonjwa huu huendelea miezi na miezi. Shamba likishaisha kwenye tiketi, hoteli na mzunguko wa kwanza, wa tano utalipwa na nini? Kinyume chake pia kuna hatari yake. Mkibaki, huenda dawa fulani isipatikane kwa wakati, na kaka akaishi na kauli ya "ningempeleka."

Kuna njia ya katikati mnayoweza kuifikiria. Bloku ya kinyama ni kipande kidogo kilichogandishwa ndani ya nta. Kinakaa miaka, na kinaweza kusafirishwa kwenye bahasha ya vifurushi hadi Nairobi au India kupimwa, mgonjwa akabaki kitandani kwake Morogoro. Hata maoni ya daktari wa pili yanaweza kupatikana hivyo. Kinachosafiri kwanza ni kinyama na picha. Mama anafuata ikionekana kuna kitu huko ambacho hapa hakipo.

Sasa hizo wiki tatu hadi nne. Kaka anaziona kama kukaa bure, nami nakuomba umweleze zinatafuta nini. Kwenye adenokasinoma, hasa ya asiyevuta sigara, mara nyingine kuna hitilafu moja kwenye kinasaba ndiyo inayoziamuru seli zizaane bila kusimama. Inayojulikana zaidi inaitwa EGFR. Kwa Asia ya Mashariki hupatikana kwa karibu nusu ya wenye adenokasinoma, kwa Ulaya na Marekani asilimia 10 hadi 15, na kwa wasiovuta sigara kiwango hupanda kila mahali. Nyingine ni ALK, iliyo nadra zaidi, na kuna ROS1 na nyinginezo chache. Ikipatikana EGFR, tiba ya kwanza ni kidonge cha kumeza nyumbani: gefitinibu miligramu 250 mara moja kwa siku, au erlotinibu miligramu 150 tumbo likiwa tupu, au osimetinibu miligramu 80. Shirika la Afya Duniani liliiweka erlotinibu kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, na gefitinibu ikatajwa kama mbadala wake. Vidonge hivi haviponyi hatua ya nne, hushikilia ugonjwa. Kwenye utafiti mkubwa uliolinganisha, osimetinibu ilishikilia ugonjwa kwa kama miezi 19 na zile za zamani kama miezi 10, ikiwa ni wastani. Wapo waliopata zaidi na wapo waliopata pungufu. Baadaye seli hujifunza njia nyingine, na hapo hupimwa tena.

Kwa hiyo mdogo wenu hajaota. Kidonge kipo na kinafaa, lakini kwa mwenye hitilafu hiyo. Utafiti wa IPASS uliochapishwa mwaka 2009 uliwapa gefitinibu wagonjwa wa adenokasinoma ambao karibu wote hawakuvuta sigara, kama mama. Waliokutwa na hitilafu ya EGFR walifanya vizuri kuliko wa dripu. Wasiokuwa nayo, ugonjwa uliendelea baada ya mwezi mmoja na nusu kwa wastani, wakati wenzao wa dripu walifika miezi mitano na nusu. Kumpa mama kidonge bila kipimo ni kucheza na muda wake, na akiharisha au akitoka vipele usoni hamtajua kama mnavumilia kitu chenye faida.

Kuna jingine ambalo muuza dawa hakuuliza. Je, mama bado anameza dozi ya kifua kikuu? Ndani yake kuna rifampisini, inayoliamsha ini likavunja gefitinibu, erlotinibu na osimetinibu kwa kasi mpaka kiasi kwenye damu kikashuka vibaya, na nguvu hiyo hubaki kama wiki mbili baada ya kuacha. Omeprazoli ya tumbo nayo hupunguza kunyonywa kwa gefitinibu na erlotinibu. Msiisimamishe dozi ya TB wenyewe, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Daktari wa saratani na wa kifua wakubaliane, nanyi muwaulize waziwazi.

Swali la "tusubiri au tuanze" lina sura ya tatu. Mgonjwa aliyetulia, anayekula na kujiogesha, kwa kawaida huweza kusubiri wiki hizo bila kupoteza kitu kikubwa. Anayedhoofika kila siku, daktari anaweza kuanza dripu za kaboplatini na pemetreksedi huku majibu yakingojwa, kisha akamhamishia kwenye kidonge. Hata hiyo "kuanza leo" ina maandalizi yake. Pemetreksedi hutanguliwa na folik asidi ya kila siku kwa siku tano hadi saba, sindano ya vitamini B12 ya mikrogramu 1,000 kama wiki moja kabla, na kipimo cha figo; bila hivyo vidonda vya mdomo na kushuka kwa damu huwa vikali. Muulizeni kama vitamini hizo zinaweza kuanza sasa. Akizianza na hatimaye dripu isihitajike, hakuna kilichoharibika.

Dawa za kuamsha kinga, kama pembrolizumabu, mtazisikia sana na bei yake ni kubwa mno. Kwa aina hii ya saratani aliyo nayo mama, ni busara zisianze kabla ya majibu. Mwenye hitilafu ya EGFR mara nyingi hanufaiki nazo, na akizipata kisha akapewa osimetinibu muda mfupi baadaye, hatari ya pafu kuvimba huongezeka.

Kuhusu kuchomwa tena sindano, ulizeni kwanza maabara kama maji yaliyotolewa yalihifadhiwa bloku, kwa sababu seli za kwenye maji hupimika vilevile. Kuna pia kipimo cha damu: kikionyesha hitilafu, kinatosha kuanzia dawa, kisipoonyesha, hakijathibitisha kwamba haipo. Ikilazimu sindano, madhara yanayojulikana ni hewa kuvuja kifuani na kukohoa damu kidogo, hivyo hubakizwa saa kadhaa akiangaliwa. Ulizeni na hili, hata kama litaonekana la kijuaji: kinyama kitaingia kwenye formalini, maji ya kukihifadhia, mara moja, na kitakaa humo saa ngapi? Kikikaa siku nyingi, vinasaba huharibika na kipimo hurudi na "haikuwezekana kusomeka." Pesa imeenda na wiki zimeenda.

Katika kusubiri huko mama asiachwe hivihivi. Maji hurudi. Kuhema kukizidi yatolewe tena, na kwa kawaida hayazidi lita moja na nusu kwa mkupuo, kwa sababu pafu likifunguka ghafla linaweza kujaa maji kwa ndani. Yakirudi upesi, ulizeni kuhusu kuugandisha utando kwa unga wa talki. Maumivu na kuhema vina dawa: mofini ya maji ya kunywa, kwa kipimo kidogo. Najua watu wanaiogopa wakidhani ni dawa ya kufia. Si hivyo, inatolewa hata kwa wanaoendelea na matibabu, ila hufunga choo, kwa hiyo ianze pamoja na dawa ya kulainisha. Kitengo cha tiba shufaa ndicho kinachoshughulikia haya, na huhitaji kungoja mwisho ili kukiona.

Mambo yasiyongoja kliniki ni haya: miguu kuishiwa nguvu au mkojo kuziba ghafla, uso na shingo kuvimba, degedege au kichwa kikali chenye kutapika, damu nyingi kwenye makohozi, mguu mmoja kuvimba na kuuma. Na akishaanza dripu, joto la nyuzi 38, hasa kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, ni hospitali siku hiyohiyo. Msimpe panadoli mkalala.

Shangazi usigombane naye. Mwulize kwa adabu ni mizizi ya mti gani, mpelekee daktari jina hilo na chupa yenyewe. Shida ya chupa ni kwamba ini lilelile linavunja dawa za TB, dawa za saratani na mizizi. Vipimo vya ini vikipanda, hakuna atakayejua amlaumu nani, na mara nyingi kinachosimamishwa ni dawa ya hospitali. Shangazi anataka kuwa na mkono katika kumuuguza wifi yake. Uji wa karanga, mayai, dagaa na kumkanda miguu ni kazi zinazohitaji mtu.

Nimemwacha mama mwisho kwa sababu ndiye aliyeachwa nje ya kikao. Mnasema hajui. Mimi sina hakika. Mtu anayeuliza kuhusu shamba lake ameshaona mengi. Na jambo la wazi: mkifika Taasisi ya Saratani Ocean Road, jina liko getini, na nchi hii hakuna mtu mzima asiyejua Ocean Road hutibu nini. Afadhali asikie kwako au asome ukutani? Sikulazimishi jibu. Kaka ana hofu ya kweli juu ya presha, na wapo wagonjwa ambao kwa hiari yao hawataki kujua. Hiyo ni haki yao pia. Lakini ni haki yake yeye kuikataa habari, na mpaka sasa hajaulizwa.

Unaweza kuanza bila neno lile zito. "Mama, majibu ya kinyama yametoka. Ungependa daktari akueleze wewe mwenyewe, au azungumze na sisi?" Kisha nyamaza, umwache afikirie. Akisema "zungumzeni ninyi", umepata ruhusa ambayo leo huna. Akisema "niambieni", mwombe daktari awepo, presha ipimwe kabla, kaka naye akae hapo asikie pamoja. Upande mwingine upime hatari za kunyamaza: atatia sahihi ya kuchomwa sindano bila kujua ya nini, ataweka sahihi ya kuuza shamba kwa sababu ya uongo, na siku atakapogundua huenda asimwamini tena hata anayempa kidonge, ambaye ni wewe. Pengine atasema uzeni. Pengine atasema shamba lisiguswe. Kwa vyovyote, hati ina jina lake.

Juu ya dozi ya TB: kivuli kwenye eksirei, jasho la usiku, kukonda, kikohozi, hayo ni ya kifua kikuu na ni ya saratani pia, na katika nchi yenye TB nyingi mganga huanza na inayotibika. Aliyetakiwa kushtuka ni aliyeona GeneXpert hasi na mgonjwa asiyepata nafuu ya kueleweka baada ya miezi miwili. Wewe ulimsimamia mgonjwa ameze dawa alizoandikiwa.

Kikao kijacho na daktari, mwombe kaka aende nawe hata kama mmenuniana, maana maneno yakipita kwako yatafika yakiwa yako. Bebeni diski ya CT, majibu yote, dawa zote za mama ndani ya mfuko mmoja na ile chupa. Muulizeni daktari mbele ya kaka: bloku imeondoka lini na iko maabara ipi, inapimwa EGFR peke yake au na ALK, mama akizidiwa kabla ya majibu mtaanza na nini, na dawa ikijulikana inapatikana hapa kwa gharama gani kwa mwezi. Kabla hamjatoka, piteni kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali mwulize kuhusu msamaha na bima, kwa kuwa vibali vya dawa za saratani huchukua siku, na ni bora maombi yaingie sasa kuliko baada ya majibu kutoka.